Vidonge vya Shangazi Vilivyotangulia Bombo

Same, kwa vigelegele

Vigelegele ndivyo vilivyonifikia kwanza. Sikuwa nimeona stesheni, wala paa, wala mlima. Madirisha ya behewa tulikuwa tumeyafunga tangu Makanya kwa ajili ya vumbi, na treni ilikuwa bado inajikokota. Sauti za wanawake zilipanda, zikakatika, zikapanda tena. Shangazi Mwanaidi, aliyekuwa amesinzia begani mwangu, akafumbua macho na kulitengeneza buibui lake kama bibi harusi.

"Hao ni wetu," akasema. "Nyanyuka, Zena. Tusichelewe kupokewa."

Tukachelewa. Tulipofungua mlango wa behewa, mapokezi yetu yalikuwa yamekwisha kumwangukia mtu mwingine. Mwanamke mmoja mnene, aliyekuwa akienda zake Moshi na ambaye alishuka kununua ndizi tu, alikuwa amezungukwa na akina mama na kuvishwa kanga mpya mabegani. Mizigo yake ilikuwa ikishushwa kupitia dirishani, naye anapiga kelele kwamba hana binti Bombo, hana mjukuu, na hao wanaomwita mkwe hawajui.

"Ana haya huyu," alisema mwanamke mrefu aliyekuwa akiongoza vigelegele. "Mkwe mwenye heshima zake hukataa kwanza."

Shangazi alicheka mpaka akashika nguzo ya stesheni. Kicheko hicho ndicho kilichomfanya yule mwanamke mrefu ageuke, atutazame, aitazame kanga aliyoivisha mabega yasiyohusika, kisha aje mbio mikono imefunguka. Ndivyo tulivyokutana na Bi Nakiete. Yule wa Moshi alirudishiwa mizigo yake, lakini kanga hakurudisha, na hakuna aliyethubutu kumdai.

Nyinyi wenzangu mnaopenda kuniuliza "ikawaje?" kabla sijamaliza sentensi, ngojeni kidogo niwaeleze tulikuwa tunakwenda wapi. Asha, binti pekee wa Shangazi, ameolewa na mtoto wa Bi Nakiete, na mumewe ana duka huko Bombo, milimani. Amejifungua mtoto wake wa kwanza. Bibi wawili wa mtoto huyo walikuwa hawajaonana hata siku moja, maana harusi ilifanyika kwetu Tanga na Bi Nakiete alikuwa mgonjwa. Sasa wangekutana Same, wapande pamoja kwenda kumwona mjukuu.

Na jambo la pili. Shangazi aliwahi kuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni, akakatwa hospitali. Rovu likaondoka, lakini baada yake mwili ukaanza kuzimika polepole kama taa inayoishiwa mafuta. Uso ulivimba, sauti ikawa nzito, jua la Tanga linawaka naye amejifunika blanketi. Daktari akasema tezi iliyokuwa ikiuchangamsha mwili haipo tena, akampa vidonge vilivyotengenezwa kwa tezi ya mnyama: kimoja kila alfajiri kabla ya kula chochote, siku zote za maisha yake. Shangazi alimwapisha kwanza kwamba mnyama huyo ni ng'ombe. Alianzishwa kwa nusu kidonge, kwa sababu moyo wake ulikuwa umechoka na daktari aliogopa kuushtua. Miezi ikapita, akarudi kuwa yeye: mwenye kugomba, kucheka na kuimba akichambua mchele. Mimi nilipewa kazi moja tu katika safari hii, kuhakikisha kwamba anabaki kuwa yeye.

Nyumbani kwa Bi Nakiete

Same ni mji wa upepo. Upepo unashuka kutoka milimani kama mtu aliyetumwa, unagonga mabati, unapekua majani ya migomba uani, unakwenda zake nyikani bila kuaga. Bi Nakiete alituandalia makande, yale mahindi na maharage yaliyopikwa mpaka yakasahau ugumu wao, na kibuyu cha maziwa mgando. Shangazi alikula akaongezwa, akakataa, akaongezwa tena.

Lakini neno lililotupata halikutoka jikoni. Lilitokana na heshima. Katika nyumba ya Bi Nakiete, mkwe aliyekuja kwa mara ya kwanza hagusi mzigo. Tangu stesheni walikuwa wametunyang'anya kila kitu, hata kile kikapu cha ukindu ambacho Shangazi hakiachi. Aliponyoosha mkono akichukue, Bi Nakiete alishtuka.

"Mkwe wangu! Uonekane na kikapu mkononi hapa Same? Watu watanitazama kwa jicho gani? Itabidi nihame."

Jioni ile lori moja lilikuwa linaondoka kwenda Gonja, chini ya mlima wa Bombo, limejaa chumvi na mafuta ya taa. Nafasi ya watu haikuwapo, ya mizigo ilikuwapo. Bi Nakiete, kwa wema wake wote, akaona heri tusibebe hata kiberiti. Akapakia kila kitu na kuwatumia wa Bombo ujumbe waje kukipokea. Hakutuuliza, kwa sababu kumuuliza mgeni habari za mizigo yake ni sawa na kumwonyesha kwamba anakutaabisha.

Alfajiri Shangazi alimaliza kusali, akatafuta kikapu chake.

"Mkwe wangu, kikapu changu umekihifadhi wapi?"

"Kikapu?" Bi Nakiete akachanua uso. "Kikapu chako saa hizi kiko Gonja, kinajiandaa kupanda mlima! Utakikuta kwa mwanao, kimekwisha kupumzika."

Shangazi akanitazama. Ndani ya kikapu mlikuwa na tende, nguo za mtoto, na kopo la vidonge. Nikafungua mdomo. Akanifinya.

"Ukimwambia," akaninong'oneza tulipobaki wawili, "nitakufa kwa aibu kabla sijafa kwa tezi. Mtu amenipokea kwa vigelegele, nimlipe kwa lawama?"

"Twende basi hospitali ya hapa, tuwaulize kama wanavyo."

"Na yeye aulize tunakwenda hospitali kufanya nini?" Akashika ncha ya kanga yake, akafunga fundo dogo. "Msafiri ana ruhusa, mwanangu. Anayefungua Ramadhani akiwa njiani hulipa akifika. Hili fundo ni la leo. Kesho tuko Bombo, nalipa."

Mama zetu wengi huhesabu hivyo saumu wanazodaiwa, kwa mafundo ya kanga. Nilicheka. Siku moja, nikajiambia, si kitu.

Korongo

Lori letu liliondoka jua likiwa limekwisha kupanda. Dereva, Mgweno mmoja mcheshi aliyeitwa Mbonea, alituweka sisi wanawake mbele na wanaume juu ya magunia. Mkono wa kulia milima ilisimama rangi ya buluu, mmoja ukichungulia nyuma ya mwingine. Mkono wa kushoto nyika ilijinyoosha mpaka macho yachoke, na twiga wawili walitutazama kama watu wanaojua tunakokwenda na wanaona si busara.

Twiga walikuwa na haki. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu usiku, nasi huku chini hatukupata hata tone. Tulipofika kwenye korongo, ambalo Mbonea alituambia kwa kawaida ni mchanga mtupu, tulikuta maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita na magogo.

"Mimi sina ugomvi na maji," alisema Mbonea akizima injini. "Yakimaliza kupita, tutapita."

Yalipita mchana kutwa. Abiria walishuka, wakawasha moto, wakachoma mahindi. Mzee mmoja alikuwa na jogoo wa kuwapelekea wakweze, na jogoo huyo aliwika kila Mbonea alipokaribia usukani.

"Mzee, huyu jogoo wako anataka kuendesha?"

"Yeye angekwisha kutufikisha," mzee akajibu.

Tulilala pale, tumeegemeana. Asubuhi maji yalikuwa yamepungua, Shangazi akafunga fundo lingine. Alikuwa mchangamfu bado. Alimwimbia jogoo.

Kisiwani, ambako Shangazi alisikia baridi

Tukafika Kisiwani, na Kisiwani ndiko safari ilikokwama kweli. Njia ya mbele ilikuwa imekatika. Kwenye mtaro mpana daraja la magogo lilikuwa limekwenda na maji, na watu wa serikali waliotakiwa kulitengeneza walikuwa Same, tulikotoka sisi. Tukapokewa na jamaa za Bi Nakiete. Kila siku walisema kesho, na kila alfajiri kanga ya Shangazi ikaongezeka fundo.

Kisiwani kuna joto la kukufanya uzungumze kwa kifupi. Mbuzi walikuwa wamelala kwenye vivuli, ndimi nje. Na katika joto hilo, mchana mmoja, Shangazi aliomba blanketi.

Labda ulikuwa uchovu tu wa njia na kukosa usingizi. Labda hofu yangu ilikuwa inaniongezea. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwona akizimika mara moja, sikutaka kuona mara ya pili. Alianza kusinzia katikati ya mazungumzo. Bi Nakiete alikuwa msimuliaji hodari. Alisimulia jinsi baba yake alivyomfukuza chui kwa mwiko, naye alipofika pale chui anapogeuka, Shangazi akaanza kukoroma.

Bi Nakiete akamwacha chui hapo hapo. Jioni akapika wali wa nazi. Kesho yake akachinja kuku. Siku iliyofuata akaleta ndizi zilizopondwa na maharage, chakula ambacho Wapare hukiita kishumba, akakaa akimtazama Shangazi anavyokula polepole, kama mtu anayesoma hukumu. Mwishowe alinivuta nyuma ya nyumba, machozi yanamlenga.

"Mwanangu, niambie kweli. Mkwe wangu nimemkosea nini? Nikizungumza anasinzia. Nikipika anachoka kabla sahani haijaisha. Ni ile kanga niliyompa mwanamke wa Moshi?"

Kabla sijatafuta uongo wa kufaa, sauti nzito ikatoka dirishani.

"Si wewe, mkwe wangu. Si kanga. Ni tezi."

Shangazi alikuwa amesikia yote. Akamweleza, mwenyewe, kwa upole, akiruka kila mahali ambapo lawama ingeweza kukaa. Hata hivyo Bi Nakiete aliketi chini, mikono kichwani.

"Nimemnyang'anya mtu uhai wake nikaupakia pamoja na chumvi!"

"Ulinipa heshima."

"Heshima gani hiyo ya kuua watu?"

Kisha akasimama, na naomba mnielewe nikisema kwamba sijawahi kuona mtu akisimama namna ile. Alikwenda moja kwa moja kwa Mbonea, aliyekuwa akicheza bao.

"Wewe Mbonea, unangoja serikali?"

"Mama, daraja halipo."

"Mawe yapo."

Alijifunga kanga kiunoni, akaingia mtaroni mpaka magotini, akanyanyua jiwe la kwanza, akaliweka. Wacheza bao walimtazama mwanamke mwenye heshima zake, mama wa mwenye duka, ametapakaa matope mpaka kwenye nyusi. Wakaona haya. Mmoja akainuka, kisha wa pili, kisha wote, na yule mzee akanipa jogoo wake nimshike. Jua lilipoanza kulala, lori likapita juu ya mawe yale likiyumba kama mlevi aliyejisitiri, na vigelegele vikapigwa tena. Safari hii vilimwangukia aliyestahili.

Kupanda

Kutoka Gonja kwenda Bombo ni kwa miguu. Bi Nakiete alikwisha kutafuta machela na wanaume wanne wa kuibeba, Shangazi akakataa katakata.

"Machela ni ya maiti. Mimi napumua."

Tulipanda basi kwa mwendo wake, hatua, pumzi, hatua. Njia inapita katikati ya migomba na mibuni, na kila penye kona mfereji mdogo wa maji unakukatiza ukiimba, maji ambayo watu wa huku wameyaongoza kwa mikono kutoka juu mpaka mashambani mwao. Hewa ilizidi kuwa baridi. Ukungu ulikuja ukatufunga, ukatufungua. Tuliokutana nao walitusalimu kwa Kipare, na mimi niliitikia "marahaba" kwa bibi mmoja aliyenipita umri mara tatu, akacheka mpaka akatua mzigo wake wa kuni. Nikampa shikamoo yake aliyonidai.

Shangazi hakucheka. Alikuwa akihesabu mafundo kwa kidole gumba.

Bombo

Asha alitupokea mlangoni akilia na kucheka. Kikapu kilikuwa kwenye kigoda, hakijaguswa. Shangazi alimbusu binti yake, akaomba maji, akafungua kopo. Akaweka kanga mapajani. Fundo moja, kidonge kimoja. Fundo la pili, kidonge cha pili. Nilipofahamu anachofanya, kiganja chake kilikuwa kimejaa.

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Nalipa. Si nilikwambia? Nimefika, nalipa."

"Vyote kwa pamoja?"

"Mwache, mwanangu," akasema Bi Nakiete, ambaye sasa alitaka mkwewe apone kabla chungu hakijachemka. "Ameze vyote, mwili upate haki yake."

"Huko mwanzo daktari aliogopa hata kumpa kizima! Aliogopa moyo!"

"Huko mwanzo," Shangazi akasema, akinyanyua bilauri. "Sasa moyo umezoea."

Nilimshika mkono, akanitoa kama inzi. Ulegevu wote wa Kisiwani ulikuwa umekwenda. Mtu anayetaka kutimiza wajibu wake hupata nguvu za ajabu. Ndipo Asha, ambaye hakuwa amesema neno, akaja na kifurushi cha nguo nyeupe na kukilaza juu ya mikono yote miwili ya mama yake. Bilauri ikabidi itue. Vidonge vikaanguka mkekani.

"Mshike kwanza mjukuu wako," akasema. "Zena, daktari wa hospitali ya chini yuko shuleni leo, anachanja watoto. Kimbia."

Nilikimbia. Ninyi mnaonijua mnajua sikimbii.

Daktari alikuwa kijana Mpare, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinisikiliza, akaacha sindano kwa msaidizi wake, akaja. Alisimama sebuleni kwa adabu, akampa Shangazi shikamoo, akaomba mkono wake. Alihesabu mapigo muda mrefu. Akatazama macho, akabonyeza miguu, akamwuliza maswali. Bi Nakiete alishika pumzi kwa niaba ya sote.

"Moyo unakwenda vizuri, mama," akasema. "Polepole kidogo, lakini vizuri. Leo umeshakula?"

"Tangu alfajiri sijala. Nilikuwa nautamani mlima huu uishe."

"Basi meza kimoja sasa hivi, ungoje kidogo ndipo ule. Kesho asubuhi kimoja. Keshokutwa kimoja. Kama siku zote."

"Na vya njiani?"

"Vya njiani vimepita."

"Haviwezi kupita hivi hivi. Msafiri hulipa."

"Mama, dawa hii haiishi mwilini kwa siku moja. Ni kama maji ya mtungi, unateka kidogo kidogo, mtungi haukauki upesi. Ndiyo maana uko hai na unanigombeza. Sasa ukija na kumimina ndoo zote ulizokosa kwa mara moja, mtungi hauwi na maji zaidi. Utapasuka. Na mtungi wenyewe ni moyo wako."

Shangazi alifikiri. "Basi viwili viwili. Kimoja cha leo, kimoja cha kulipia, mpaka viishe."

"Hata viwili, hapana. Ukisahau asubuhi ukakumbuka siku ile ile, meza. Ukikumbuka siku ya pili, umeze cha siku hiyo tu. Zikipita siku nyingi kama hivi, rudi kwenye kimoja chako na umwone daktari, kama unavyoniona mimi. Ila kulipa, hakuna."

"Dini gani hiyo isiyolipa?" akauliza Shangazi, si kwa ukali, kwa kutaka kujua.

Daktari, ambaye ni Mkristo, akakuna kichwa. Alikuwa amefika mwisho wa elimu yake. Nilimwona Shangazi akitazama vidonge mkekani, kisha mtoto, kisha vidonge. Hapo akainama kwa Bi Nakiete, akamnong'oneza sikioni. Bi Nakiete akapanua macho, akapiga paja lake.

"Wallahi ni kweli!"

Wakamwita Asha, wakamnong'oneza, naye akafunika uso kwa kanga akitetemeka kwa kicheko. Kisha neno likanifikia mimi. Shangazi alikuwa amekumbuka kwamba mwanamke akiwa katika siku zake hafungi wala hasali. Siku zikiisha, saumu huilipa, lakini sala zile hazilipi kamwe. Amesamehewa. Anaanzia sala iliyo mbele yake.

"Dawa ya tezi ni sala," Shangazi akatangaza kwa sauti, "si saumu. Sote wanawake humu tumekwisha kuelewa."

"Nini?" akauliza daktari. "Mmesema nini?"

"Si yako, mwanangu," Bi Nakiete akamwambia. "Kunywa chai."

Shangazi akachukua kidonge kimoja, akasema bismillahi, akakimeza. Vingine akavirudisha koponi. Kisha akafungua mafundo ya kanga, yote, akainyoosha kanga juu ya magoti kwa viganja.

"Na mimi nami huchoka sana alasiri," Bi Nakiete akajaribu bahati yake. "Hakuna ubaya nikipata kimoja?"

"Upo, mama," akasema daktari. "Wewe tezi yako inafanya kazi. Nimesikia habari za mawe ya Kisiwani."

Akamwagiza Shangazi ashuke kumwona tena hospitali baada ya juma moja, na kopo likae kibindoni mwake, si kikapuni, hata mkwe akiwa mwema kiasi gani. Bi Nakiete akaapa kwamba hatagusa mzigo wa mtu tena. Jioni ile ile nilimfumania akikunja nguo zangu.

Kurudi

Nilikaa Bombo mpaka Shangazi alipokwenda kwa daktari na kurudi, amepanda mlima huku akimgombeza kila aliyemwambia apumzike. Yeye atakaa mpaka mtoto afike arobaini. Mimi niliwajibika kurudi.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta amekwisha kuamka. Uji wa mzazi ulikuwa ukitokota, wenye pilipili manga, na Bi Nakiete alikuwa amemletea bakuli.

"Bado, mkwe wangu. Kwanza changu."

Akameza kimoja, akanywa maji, akaketi kungoja, mjukuu mapajani, akimwimbia kwa sauti nyembamba na safi. Nilisimama kizingitini, mlango wazi, ukungu wa Bombo unaingia miguuni mwangu. Nilitaka kusikiliza ubeti mmoja zaidi. Halafu mwingine.

"Zena!" akakatiza wimbo. "Mbonea anakungoja Gonja. Toka ama ingia! Unamletea mtoto baridi."

"Husikii baridi wewe, Shangazi?"

"Mimi? Mimi naona joto. Nenda, mwanangu, wasalimie."

Akainuka na mtoto mkononi, upesi, akanisukuma kwa kiwiko, akaufunga mlango nyuma yangu.